Kudumu Mbele ya Nini? Vivumishi vya Kiingereza vya Vitu Visivyokwisha Upesi

Mwaka 1852 daktari Mwingereza, Peter Mark Roget, akiwa na umri wa miaka 73, alitoa kitabu kilichopanga maneno ya Kiingereza kwa maana zake badala ya kufuata alfabeti. Katika sehemu ya wakati alitenga kundi la maneno ya vitu vinavyokaa sana na kundi la maneno ya vitu visivyo na mwisho. Mgawanyo huo una manufaa, ila una kasoro moja: humfanya msomaji aamini kuwa maneno haya yamepangwa kama alama za rula, mafupi upande huu na marefu upande ule, na kwamba kazi ya mwandishi ni kupima urefu.

Mswahili anayeandika Kiingereza hunaswa na imani hiyohiyo, tena kwa urahisi zaidi. Kamusi nyingi humrudisha kwenye “-a kudumu” kila anapotafuta “durable”, “lasting”, “permanent”, “perpetual” au “enduring”. Huyachukua basi kuwa maneno yanayopokezana zamu, akaandika “chronic friendship” kwa urafiki wa siku nyingi, au “perennial shoes” kwa viatu visivyochakaa. Sarufi haina kosa, lakini Mwingereza atakunja uso. Urafiki huo umegeuka maradhi, na viatu hivyo vinachipua kila masika.

Ukivichunguza vivumishi hivi kimoja kimoja, unaona kuwa havijali sana kitu kitakaa muda gani. Vinachotaja ni kile ambacho kitu kinakaa mbele yake: kuchakaa, majira, mabadiliko ya watu, mauti, au dawa. Vingi hutaja pia kama msemaji anaufurahia ukaaji huo au umemchosha.

Muda mrefu ni miaka mingapi?

Njia rahisi ya kuipima hoja hii ni kwenda kwenye fani zilizolazimika kuandika tarakimu. Toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani huyaita maumivu “chronic” yakizidi miezi 3. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani huuita ugonjwa “chronic” ukikaa mwaka 1 au zaidi huku ukidai matibabu ya mara kwa mara au ukipunguza shughuli za mgonjwa. Mtaalamu wa mimea huuita mmea “perennial” ukiishi zaidi ya miaka 2. Wachumi wa Marekani huweka friji, magari na fanicha katika fungu la “durable goods”, yaani bidhaa ambazo kwa wastani hutumika miaka 3 au zaidi. Neno “permafrost”, lililoundwa miaka ya 1940 kutokana na “permanent” na “frost”, ni jina la ardhi iliyobaki kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa miaka 2 mfululizo au zaidi. Na chandarua huitwa “long-lasting” kikiweza kuhifadhi nguvu ya dawa yake baada ya kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3. Vyandarua vya namna hiyo vimekuwa vikitengenezwa Arusha, katika kiwanda cha A to Z, tangu mwaka 2003.

Ukizipanga tarakimu hizi kwa urefu peke yake utapata vichekesho. Maumivu ya miezi 4 yanaingia katika ukoo wa vinavyodumu, bidhaa ambayo kwa wastani hukaa miaka 2 inatolewa, na ardhi iliyoganda kwa muda huohuo wa miaka 2 inapewa jina lenye “permanent” ndani yake. Lakini ukiuliza kila kitu kinapambana na nini, kila kipimo kinaeleweka. Maumivu ya kawaida huondoka jeraha linapopona, kwa hiyo yakivuka miezi 3 yamekwisha kuupita muda ambao mwili kwa kawaida hujiponya. Chandarua adui yake ni sabuni na kufikichwa, ndiyo maana kipimo chake kinahesabu ufuaji. Ardhi ya kaskazini adui yake ni kiangazi. Ikiwa majira ya joto yamepita na haikuyeyuka, imekwisha kushinda pambano lake.

Ugumu na nyayo

“Durable” ni mtoto wa Kilatini. Shina lake ni “durus”, yaani ngumu, lililozaa kitenzi “durare”, kufanya kitu kiwe kigumu na pia kudumu. Neno liliingia Uingereza kupitia Kifaransa, lugha ambayo Wanormani walikuja nayo mwaka 1066 na ambayo ilitawala ikulu na mahakama kwa karne nyingi. Hata sheria ya mwaka 1362 iliyoagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza iliandikwa kwa Kifaransa. Historia hiyo ndiyo iliyokipa Kiingereza maneno mawili au matatu kwa mambo mengi, na baadaye kila neno likatafuta kazi yake.

Ukoo wa “durus” ni mpana: “endure”, “duration”, “during”, “obdurate” la mtu mwenye moyo mgumu, na “duress” la kushinikizwa na kulazimishwa. “Durable” ndilo lililobaki karibu na ugumu wenyewe. Linafuata vitu vinavyogusika na kutumika: viatu, rangi ya ukuta, zege, kitambaa. Likitoka hapo, husema kitu kimejengwa vyema, kama katika “durable peace”, amani iliyowekewa misingi na wapatanishi. Ndugu yake “enduring” aliachana na vitu vya dukani. Hutumika kwa kilichopita kwenye mitihani na kubaki na thamani yake: sifa ya mwandishi, mapenzi ya wazee wawili, umaarufu wa hadithi. Meza haiwezi kuwa “enduring” kwa sababu haikuvumilia chochote. Ilikuwa ngumu tu.

“Lasting” ni la wenyeji. Linatokana na kitenzi cha Kiingereza cha Kale kilichohusu kufuata njia, kutimiza na kuendelea, chenye undugu na neno la nyayo. Kutoka shina hilohilo limepatikana jina la kalibu ya mguu anayotumia fundi viatu. “Last” lenye maana ya mwisho halimo katika ukoo huu. Linatokana na “late”, na kufanana kwao ni ajali ya matamshi. Ukilikumbuka shina la nyayo, matumizi ya “lasting” yanajieleza: hutaja athari iliyobaki baada ya mwenye kuiacha kuondoka. “Lasting impression”, “lasting damage”, “lasting effect”: tukio limepita, alama ipo. Kofi haliwezi kuwa “durable”, lakini uchungu wake unaweza kuwa “lasting”.

Kando yao wapo wanaoeleza nguvu ya mwili. “Hardy” lilimaanisha jasiri kwa Kifaransa cha kale, na leo mkulima wa bustani hulitumia kwa mmea unaostahimili baridi kali. “Robust” linatokana na jina la Kilatini la mti wa mwaloni, na hutajwa pale mshtuko unapotarajiwa: mfumo wa kompyuta usioanguka, ushahidi usiotikiswa na wakili.

Kisicho na tarehe ya kwisha

“Permanent” ndilo linalowapotosha watu wengi kuliko yote, kwa sababu linaonekana kuahidi mengi. Kilatini chake ni kubaki mpaka mwisho. Katika matumizi, hata hivyo, neno hili haliahidi kwamba kitu hakitakwisha. Husema tu kwamba hakuna tarehe ya kwisha iliyopangwa, na karibu kila mara hutamkwa kwa kulinganishwa na kitu cha muda kilicho jirani yake.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wanachama 5 walio “permanent” na wengine 10 wanaochaguliwa kwa miaka 2, kama Tanzania ilivyokuwa mwaka 2005 na 2006 na Kenya mwaka 2021 na 2022. Lakini kiti cha China kilibadili mwenyewe mwaka 1971, serikali ya Taipei ikatoka na ya Beijing ikaingia. Kiti cha Umoja wa Kisovieti kikachukuliwa na Urusi mwaka 1991. Kilichodumu ni kiti, wala si mkaaji.

Uingereza huwaita wakuu wa utumishi wa wizara “permanent secretaries” kwa kuwa mawaziri huja na kuondoka na uchaguzi, ilhali wao hubaki. Cheo hicho kilirithiwa Afrika Mashariki. Kenya ilikibadili baada ya Katiba ya mwaka 2010, kikawa “principal secretary”. Kiswahili cha Tanzania kilichagua “Katibu Mkuu”, neno linalotaja ukubwa wa cheo na kuliacha kabisa suala la kukaa.

Matangazo ya kazi yanayosema “permanent and pensionable”, au kwa Kiswahili cha ofisi zetu “masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni”, yanafuata kanuni ileile. Mtumishi wa umma wa Tanzania mwenye ajira ya kudumu kwa kawaida hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Kudumu kwake ni kutokuwa kibarua wala mtu wa mkataba. Waswahili waliohamia Marekani wanajua pia kwamba kadi ya “permanent resident” kwa kawaida huandikwa tarehe ya kuisha baada ya miaka 10. Hadhi ndiyo isiyo na tarehe, kadi inayo. Na meno 32 ya ukubwani huitwa “permanent” hata kama daktari amekwisha kuyang’oa nusu, kwa kuwa jina lake lilitolewa dhidi ya meno 20 ya utotoni. Penye kitu kisicho na mwenzake wa muda, neno hili hukosa kazi: hakuna anayeuita Mlima Meru “permanent”.

Kisicho na mwisho

Wanaosogea kuelekea umilele nao hawalingani. “Perpetual” linahusu kutokatika: mwendo usiosimama, kelele zisizopumzika, urithi usio na pengo. Sheria za kampuni hulitumia hivyo zinaposema kampuni ina “perpetual succession”. Wanahisa hufa au huuza hisa zao, na kampuni huendelea kuwepo bila kuvunjika hata siku moja. Lakini majaji wa Uingereza hawakuipenda hali hiyo katika mali za familia. Tangu shauri la Duke of Norfolk la mwaka 1682 waliweka kanuni ya kumzuia marehemu kuifunga ardhi yake kwa masharti yasiyokoma. Serikali nayo iliuza hatifungani zisizo na tarehe ya kuiva kuanzia karne ya 18, wenye nazo wakapokea riba kizazi baada ya kizazi, hadi hazina ya Uingereza ilipozilipa zote zilizobaki mwaka 2015. Hatifungani ya namna hiyo haikuwa na wajibu wa kukoma. Lakini haikuwa na kinga dhidi ya kukomeshwa.

“Eternal” na “everlasting” hutofautishwa na wanateolojia: la kwanza liko nje ya wakati, la pili linakwenda ndani ya wakati bila kukoma. Waandishi hawakuwa waangalifu hivyo. Katika Mathayo 25:46, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia “everlasting” kwa adhabu na “eternal” kwa uzima, ingawa Kigiriki kina neno moja mahali pote pawili. Tafsiri iliyosahihishwa ya Agano Jipya, mwaka 1881, iliweka “eternal” kote, na Biblia ya Kiswahili nayo ina “milele” kote. Mtu aliyejenga mafundisho juu ya tofauti ya maneno yale mawili alikuwa amejenga juu ya ladha ya watafsiri.

Nje ya ibada yakaenda njia mbalimbali. “Everlasting” likawa jina la maua ya jamii ya Helichrysum, yanayoota juu kwenye Kilimanjaro na Mlima Kenya, kwa kuwa hayapotezi umbo lake hata yakikaushwa. “Eternal” likaingia katika mzaha: “eternal student” ni yule ambaye chuo hakimwishi. “Immortal” likabaki na adui mmoja tu, mauti, na ndiyo sababu hupewa watu na kazi za mikono yao, lisipewe barabara.

Kinachorudi

Kuna kudumu kwa kukaa, na kuna kudumu kwa kurudi. “Perennial” lina vyote viwili. Mto “perennial”, kama Rufiji au Tana, ni ule usiokauka kiangazi. Adui yake ni miezi mikavu. Lakini swali “perennial”, au mzozo “perennial” wa bajeti, ni ule unaoibuka tena kila msimu, hata kama katikati ulinyamaza. “Evergreen” nalo linadanganya kidogo, maana mti wa aina hiyo hupukutisha majani kama miti mingine, ila hauyapukutishi yote kwa pamoja. Waingereza huziita hivyo nyimbo za zamani zinazopendwa bado. Sisi huziita zilipendwa, na hapo lugha mbili zimetazama pande tofauti: wao wamesifu ubichi uliobaki, sisi tumekiri kwamba enzi yake imepita.

Sifa na lawama

Hukumu ya msemaji ndiyo sehemu ambayo kamusi za haraka huiacha. “Chronic”, kutoka neno la Kigiriki la wakati, lingeweza kuwa la upande wowote. Kiingereza kimelifungia kwenye maradhi na mambo yanayofanana na maradhi, kama uhaba wa nyumba, madeni na uongo. “Inveterate”, kutoka neno la Kilatini la uzee, hupewa mtu ambaye tabia imemzeekea: mcheza kamari, mwongo. “Interminable” na “endless” yote husema kisicho na mwisho, lakini la kwanza ni la mkutano unaochosha, wakati la pili laweza kuwa la bahari au la subira ya mama. “Abiding” hupewa hisia za ndani, kama imani na heshima, na karibu halitumiki kwa lawama.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye dawa za wadudu. Paul Müller alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kugundua nguvu ya DDT dhidi ya wadudu, na moja ya sifa za dawa hiyo ilikuwa kukaa kwenye kuta miezi kadhaa baada ya kupuliziwa. Baadaye ukaaji uleule ulipoonekana kwenye udongo, kwenye samaki na kwenye mafuta ya mwili wa binadamu, ulipewa neno jingine. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 huiweka kemikali katika kundi la “persistent” kama zaidi ya nusu yake bado iko udongoni baada ya miezi 6. Dawa isiyotoka kwenye chandarua ni “long-lasting”; dawa isiyotoka kwenye ardhi ni “persistent”. Urefu wa muda haukubadilika. Kilichobadilika ni mtu anayeumia au kunufaika. Ndiyo sababu mtengenezaji hulikimbia neno la pili na mwanamazingira hulikimbilia.

Tofauti nyingine ni ya kutazama mbele au nyuma. “Durable”, “permanent” na “long-lasting” huahidi yajayo. “Long-standing”, “age-old” na “ancient” hushuhudia yaliyopita bila kuahidi chochote. Mgogoro wa “long-standing” waweza kumalizwa kesho. “Timeless” hukataa kutazama upande wowote, na ndilo linalopendwa na wauza mavazi. Hapo ndipo pia familia ya “long” inapojigawa: mapatano ni “long-standing”, kobe wakubwa wa Kisiwa cha Changuu ni “long-lived”, betri ni “long-lasting”, mkopo ni “long-term”, maziwa ya pakiti ni “long-life”, na mke wa mlevi ni “long-suffering”.

Kiswahili si maskini

Ni rahisi kudhani kuwa lugha yenye “-a kudumu” moja haina la kujibu. Dhana hiyo hutoka kwa anayetafuta vivumishi tu, wakati Kiswahili huifanya kazi hii kwa vitenzi na kwa maneno ya mtaani. Mnunuzi wa mitumba haulizi kama kiatu ni cha kudumu. Huuliza kama kinakaa. Muuzaji humjibu kuwa ni kigumu, na kwa jibu hilo amefika mahali palepale Warumi walipofika na “durus”. “Dumu” na “daima” zimetoka katika shina moja la Kiarabu, nazo hutosha kwa ajira, makazi na sala. Kwa jengo na hoja tuna imara, madhubuti na thabiti. Kwa desturi tuna “-a jadi”, na kwa mahusiano “-a siku nyingi”.

Kwa lawama tuna sugu, neno ambalo kama nomino ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Ugonjwa sugu, deni sugu, mhalifu sugu: hapo “chronic” na “inveterate” yamepata makao pamoja, na “usugu wa dawa” umeongeza wazo ambalo “chronic” halina, la kitu kilichozoea silaha. Mtafsiri anayeandika “ugonjwa wa kudumu” hajakosea kabisa, ila ameiondoa ile hali ya ukaidi ambayo msomaji Mswahili angeisikia mara moja. Na anayetafsiri “long-standing member” kuwa “mwanachama sugu” amemtukana mtu aliyetaka kumsifu.

Kwa kazi ya kila siku maswali matatu yanatosha kabla ya kuchagua. Kitu kinapambana na nini? Anayesema anakitaka kibaki au kiondoke? Anashuhudia yaliyopita au anaahidi yajayo? Kipimo cha ziada ni neno “very”. “Durable” hulikubali, kwa kuwa ugumu una viwango. “Eternal” na “perpetual” hulikataa, na anayeandika “very eternal” amekiri kwamba hakulihitaji neno kubwa kiasi hicho.

Kiingereza chenyewe kimeanza kuliweka wazi jibu la swali la kwanza. Maneno yanayoishia na “-proof” humtaja adui kwa jina: “waterproof” ni maji, “rustproof” ni kutu, “childproof” ni mtoto mwenye mikono myepesi. Kisha kuna “sustainable”, neno lililopata nguvu mpya kwa ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya mazingira na maendeleo iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, ambalo Kiswahili kimelipokea kwa “endelevu”. Uvuvi endelevu haupambani na jua, kutu wala kiangazi. Unapambana na mvuvi mwenyewe na ukubwa wa nyavu zake. Lugha ilidai kivumishi hicho pale watu walipotambua kwamba kinachomaliza samaki na misitu ni matumizi yao wenyewe. Kwa hiyo kivumishi kipya cha kudumu kinapozuka, katika Kiingereza au katika Kiswahili, ni vyema kuuliza ni hofu gani mpya iliyokileta.